Fundi wa maji wa chuo kikuu akihama, jina lake lisihame kwenye daftari

Profesa akipandishwa cheo, chuo kikuu kizima hujua kabla ya saa sita mchana. Komunike inabandikwa kwenye valve, picha inazunguka kwa WhatsApp, wanafunzi wanapongeza. Fundi wa maji wa chuo hicho hicho akipata mtoto, akifiwa na mke, au akikimbia risasi na watoto mgongoni, habari yake hupita mlango wa nyuma. Inatoka kwa mlinzi wa zamu ya usiku, inamfikia mama wa usafi asubuhi anapochukua ufagio, inafika depo, na mara nyingi inaishia hapo.

Hata wakati wa amani jambo hilo lilisikitisha. Tangu mwanzo wa mwaka 2025 limekuwa jambo la kula au kulala njaa. Mji wa Goma ulipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari, na Bukavu ikafuata katikati ya Februari, watumishi wa vyuo walitawanyika kama raia wengine wote. Kuna waliobaki na funguo mfukoni. Kuna waliovuka mpaka kwenda Gisenyi, waliotelemka Uvira na kuingia Burundi, waliopanda Butembo na Beni, na waliofika hadi kambi ya Nakivale kule Uganda. Nyuma yao walibakiza kitu ambacho hakionekani kwenye hesabu za serikali: jina kwenye daftari la mutualite, na zamu kwenye likelemba ya wenzao.

Swali linalojitokeza sasa ni fupi. Mtu aliyekimbia na ambaye hachangi tena, bado ni wa humo? Jibu la makala hii ni ndiyo, na sababu zake si za huruma peke yake.

Ni akina nani hawa

Kwenye vyuo vikuu vya serikali nchini Kongo, wafanyakazi wana makundi yao. Kuna maprofesa, wakuu wa kazi na waasistanti, ambao wote wanajulikana. Halafu kuna wale wanaoitwa kwa kifupi PATO, yaani watumishi wa utawala, wa ufundi na wa kazi za mikono. Ndani ya PATO ndimo inamopatikana ofisi ya kuchunga majengo na mali ya chuo. Pengine inaitwa patrimwani, pengine intandansi, pengine huduma ya ufundi. Jina likibadilika, watu ni wale wale: fundi wa maji, fundi wa umeme, seremala, mwashi, mfyeka majani, shofa, mlinzi, mama wa usafi, na huisie, ambaye ni wa daraja la chini kabisa kwenye ngazi ya utumishi wa serikali lakini ndiye anayebeba funguo za ofisi ya rekta.

Kazi yao ina ugumu wa mahali. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Kuchimba shimo la choo pale ni kupigana na mwamba, na bomba likipasuka chini ya mawe hayo, fundi anaweza kutumia siku nzima akigonga kabla ya kuona maji yanatokea wapi. Bukavu ni mji wa miteremko. Mvua za Septemba zikianza, mifereji isipokuwa imezibuliwa mapema, udongo unatelemka hadi ndani ya oditwari. Umeme ukikatwa na delestaji wakati wa mitihani, kuna mtu lazima atafute mazutu ya jenereta, na mtu huyo si profesa.

Siku ya kolasyon watu hutazama toge na kofia. Hawatazami nani aliamka saa kumi ya usiku kupanga viti, kufunga mahema, kuchota maji na kupima kipaza sauti. Ikifika saa ya picha ya familia ya chuo, huyo mtu yuko nyuma ya hema, anatafuta bido tupu.

Vyuo hivi vina umri wa kutosha kuwa na wazee. Chuo Kikuu cha Goma na Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu vilianza mwaka 1993 kama matawi ya Chuo Kikuu cha Kisangani, vikajitegemea mwaka 2004. Kijana aliyeanza kufagia pale 1993 akiwa na miaka 30, sasa amepita 60. Ameona tawi likiwa chuo, ameona volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 na ile ya Mei 2021, ameona vita zaidi ya moja. Mzee kama huyo ni ramani ya chuo inayotembea. Anajua bomba kuu linapita wapi, ukuta gani ulijengwa bila msingi mzuri, na ufunguo upi hufungua milango miwili. Akiondoka bila kuandikwa popote, chuo kinapoteza vingi.

Likelemba, matanga na kitenge cha tarehe 8 Machi

Mtu wa nje akipita karibu na depo ya mafundi saa ya mapumziko, anaweza kufikiri watu wanacheza. Wanacheka, wanakula mandazi, wanabishana juu ya mpira. Kwa kweli hiyo ndiyo ofisi yao ya bima.

Likelemba ni rahisi kuelewa. Ichukuliwe mfano wa watu 12. Kila mmoja anatoa franka 10,000 kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao anachukua 120,000 zote pamoja. Kwa mama wa usafi, 120,000 zikija mara moja ni bati za nyumba, ni ada ya mtoto, ni mtaji wa kuuza makala au sambaza. Zikija kidogo kidogo zinayeyuka sokoni. Likelemba haina karatasi nyingi. Ina orodha moja na aibu. Aliyekula zamu yake halafu akaacha kuchanga, hawezi tena kutazama wenzake usoni.

Mutualite ni kitu kingine. Hapo hakuna zamu. Kila mmoja anaweka kiasi kidogo, na pesa inasubiri shida au furaha: kifo, kuzaa, harusi, ugonjwa wa kulazwa. Mtumishi akifiwa, seremala wa chuo anapiga mbao za jeneza bila kudai mshahara wa mkono, shofa anaomba ruhusa ya gari, akina mama wanaenda kupika matanga, na mweka hazina anakuja na bahasha. Mtoto akizaliwa, wanapita nyumbani na sabuni, sukari na kitenge. Mzee akifika mwisho wa kazi, wanamnunulia mbuzi au redio, na mkubwa mmoja anakuja kusema maneno mawili.

Kuna na furaha ndogo ndogo. Akina mama wa usafi wananunua kitenge cha aina moja kwa ajili ya tarehe 8 Machi na kupita mbele ya jukwaa wakiwa wamesimama wima. Tarehe 1 Mei mafundi wanakutana na walinzi kwenye mpira, na mshahara wa mwezi wa Aprili usipokuwa umeingia, mchezo unachezwa hata hivyo. Siku ya salongo, mkuu wa huduma naye anashika jembe, na watu wanaangalia vizuri kama anajua kulishika.

Wakubwa wengi huyachukua mambo haya kama mapambo ya kazi. Hapo wanakosea. Mshahara wa huisie au wa mfagizi ni mdogo, na unachelewa. Wapo wenye barua ya kazi ambao hawajawahi kuingizwa kwenye orodha ya malipo ya Kinshasa. Wanaitwa unite mpya hata kama wamezeeka wakingoja, na wanaishi kwa prime ya chuo peke yake, pesa inayotoka kwa michango ya wanafunzi. Wanafunzi wasipolipa, prime haipo. Mtu wa namna hiyo akiugua, hakuna mkono unaomfikia haraka kuliko ule wa mwenzake wa depo. Ndiyo maana daftari la mutualite, lile lenye jalada lililochakaa na alama za mafuta, ni mali ya chuo sawa na jenereta.

Vita ilivyokata daftari katikati

Tangu mageuzi ya bankarisasyon yaliyoanza 2011, mshahara wa mtumishi wa serikali hupita benki. Mwanzoni mwa 2025 benki za Goma na Bukavu zilifunga milango. Kukawa na watu wenye mshahara kwenye simu wanaouona kwa macho lakini hawawezi kuushika mkononi. Waliotaka pesa taslimu kupitia simu walikatwa ada na mawakala. Wengine walivuka mpaka kwa ajili ya kutoa franka zao wenyewe. Kwa mtumishi mwenye mshahara mdogo, nauli na ada vikishatoka, kilichobaki hakifiki nyumbani.

Hapo likelemba zikaanza kukatika. Hakuna aliyetaka kula haki ya mwenzake. Mikono ilikuwa tupu. Aliyekuwa mwezi wa tatu kwenye orodha akakuta mwezi wa tatu hakuna pesa. Aliyekuwa amekwisha kula zamu yake akajikuta Rugombo au Butembo, na deni ambalo hawezi kulilipa wala kulikana.

Kuna na jambo ambalo halizungumzwi sana. Mtumishi wa chuo aliyehama anakuwa mhami wa kipekee kidogo. Ndugu zake wa Masisi na Rutshuru walikwisha kuzijua kambi za Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala kabla yake, na mwezi wa Februari 2025 waliambiwa tena waziache kambi hizo, warudi vijijini ambako pengine nyumba ilikuwa imebomoka. Yeye wa mjini alikuwa akiwapokea. Sasa naye anapokelewa. Alizoea kuitwa mtu wa chuo kikuu. Huko alikokimbilia anaitwa mhami tu, na hana karatasi ya kuonyesha kwamba alikuwa na kazi. Simu moja kutoka depo, ikimuuliza habari na kumwambia kwamba jina lake bado liko, inamrudishia kitu ambacho unga na maharage haviwezi kumpa.

Upande wa pili, waliobaki hawakubaki kwenye raha. Mlinzi aliyekuwa na zamu tatu kwa juma akapata tano. Mama mmoja akabeba oditwari za wawili. Vifaa viliisha: sabuni, glavu, balbu, hata ufagio. Nao wana ndugu waliokimbilia kwao, nyumba ya vyumba viwili ikilala watu 12. Akili zao zina haki ya kuchoka. Ndiyo maana hoja zao zinapaswa kusikilizwa hadi mwisho kabla ya kujibiwa.

Hoja za wanaotaka kufuta majina

Hoja ya kwanza ni ya pesa. Wanasema: mutualite ni ya wanaochanga. Asiyechanga akipewa, anayechanga anaibiwa. Mfuko utakauka, na siku ya msiba wa mtu aliye hapa, atakuta sanduku tupu.

Hoja ya pili ni ya ukweli. Wanasema: kuna walioondoka moja kwa moja. Wamepata kazi pengine, wamefungua duka Bujumbura au Kampala, na wanakaa kimya ili majina yao yaendelee kusoma. Kongo inawajua vizuri wafanyakazi hewa kwenye orodha za mishahara. Mutualite nayo isiwe na wanachama hewa.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini. Wanasema: aliyekimbia aliponyoka, sisi tulibaki na hatari. Kwa nini aliyebaki amchangie aliyeokoka?

Hoja ya pili ina uzito na itajibiwa kwa utaratibu. Ya kwanza itajibiwa kwa hesabu. Ya tatu inahitaji neno la kweli: hakuna aliyeshinda kwa kukimbia, wala aliyeshinda kwa kubaki. Mwenye watoto wadogo na nyumba karibu na kambi ya askari alikimbia. Mwenye mama mgonjwa asiyeweza kutembea alibaki. Hao wawili wangebadilishana nyumba, wangebadilishana na uamuzi. Kumwadhibu mtu kwa sababu ya mahali nyumba yake ilipokuwa siku ile ni kuendeleza vita ndani ya depo baada ya bunduki kunyamaza.

Hesabu inasema nini

Uchukuliwe mfano mwingine, wa huduma yenye wanachama 30, kila mmoja akichanga franka 5,000 kwa mwezi. Mfuko unaingiza 150,000. Kanuni inasema msiba mmoja hupewa 100,000. Ikiwa kuna msiba mmoja kwa mwezi, inabaki akiba ya 50,000.

Sasa tisa wamehama na hawachangi. Wanabaki 21, na mfuko unaingiza 105,000. Msiba mmoja unakula 100,000, inabaki 5,000. Mwezi wenye misiba miwili unaua mfuko. Hapo anayetaka kufuta majina tisa anaonekana ana haki.

Lakini kufuta majina hakuongezi hata franka moja. Mfuko unabaki na 105,000 zile zile, kwa sababu hao tisa walikwisha kuacha kuchanga. Kinachopungua ni idadi ya misiba inayoweza kudaiwa, na hiyo ndiyo faida yote ya kufuta: kuomba msiba uwe wa mtu aliyefutwa.

Kuna njia nyingine. Msaada upunguzwe kwa wote, kutoka 100,000 hadi 70,000 kwa aliyepo na anayechanga, na nusu yake, 35,000, kwa aliyehama. Mwezi wenye msiba mmoja wa hapa unaacha 35,000. Mwezi wenye msiba mmoja wa hapa na mmoja wa mhami unakula 105,000 kamili, na mfuko haudaiwi. Mtu wa hapa amepoteza 30,000 za matumaini, lakini amebaki na wanachama 30 watakaorudi kuchanga siku amani ikirudi, badala ya 21 waliozoea kufuta wenzao. Na kila mmoja wa hao 21 ajiulize: mwaka ujao, nani atakuwa mhami?

Tarakimu hizi kila huduma itazibadilisha kulingana na hali yake. Sheria iliyo ndani yake ndiyo ya kushika: pesa ikipungua, fungu lipungue, jina libaki. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mkono uliokatwa vidole tisa utavunja nini?

Kinachoweza kufanywa bila kungoja Kinshasa

Kwanza, daftari liandikwe upya, na mbele ya kila jina liwekwe neno moja kati ya matatu: yupo, amehama, ameacha kazi. Leo madaftari mengi yanajua maneno mawili tu, yupo na hayupo, na aliyekimbia risasi anawekwa mstari mmoja na aliyekimbia kazi. Tofauti hiyo ya neno moja inaweza kumwokoa mtu siku ya kontroli ya watumishi, wakati karatasi ya huduma inapoulizwa.

Pili, hoja ya wanachama hewa ijibiwe kwa simu. Kila mhami awe na mtu mmoja wa depo anayempigia mara moja kwa mwezi. Asipopatikana miezi mitatu mfululizo, hata kupitia ndugu, jina lake lisimamishwe bila kufutwa. Akionekana, lirudi. Anayejua kwamba ataulizwa habari zake kila mwezi hawezi kwa urahisi kufungua duka la siri.

Tatu, madeni ya likelemba yaandikwe na yafungiwe. Aliyekula zamu kabla ya vita na hajamaliza kuchanga, deni lake liandikwe kwa franka, lisizae, lingoje. Ambaye hajala zamu yake, naye haki yake iandikwe vilevile. Deni lililoandikwa linaweza kusamehewa au kulipwa. Deni lisiloandikwa linakuwa uadui, na uadui huo watoto wataurithi.

Nne, funguo za sanduku ziwe na watu watatu, na mmoja wao awe mama wa usafi. Mara nyingi wao ndio wengi kwenye huduma na wachache kwenye kamati. Mwisho wa kila mwezi mweka hazina asome kwa sauti kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, halafu apige picha ya ukurasa huo na kuituma kwa waliohama. Mtu aliye mbali anaweza kuvumilia kupewa nusu. Hawezi kuvumilia kutojua.

Tano, unite mpya waingizwe kwenye mutualite kwa mchango wa nusu. Kuwakataa kwa sababu hawana mshahara wa serikali ni kuwapiga mara ya pili kwa fimbo ile ile.

Sita, habari zitembee. Redio za jamii husoma komunike za vifo na za watu waliopotezana. Huduma ya majengo inaweza kutumia nafasi hiyo hiyo kutangaza kuzaliwa, kustaafu, kulazwa na kuaga. Jina la fundi likisomwa redioni, mhami aliyekaa nje ya hema na redio ndogo ya mawe anajua kwamba mwenzake bado anaishi, au anajua siku ya kumlilia. Matanga yanaweza kufanyika sehemu mbili kwa siku moja: pale kaburi lilipo, na pale depo ilipo.

Upande wa wakubwa

Mambo haya sita hayahitaji barua ya waziri. Lakini kamati za uongozi za vyuo haziwezi kukaa pembeni zikitazama maskini wakigawana mkate mdogo kwa haki. Wao wana kalamu, na kalamu ina kazi yake.

Kazi ya kwanza ya kalamu hiyo ni kuwalinda waliohama kwenye orodha ya malipo. Aliyeacha kazi bila sababu anaweza kufutwa, na hiyo ni haki. Kukimbia mabomu ni sababu. Chuo kinachoandika kwa wizara kwamba fundi fulani amehama kwa ajili ya vita na anatarajiwa kurudi, kinafanya kazi ya dakika kumi inayolisha familia mwaka mzima. Chuo kinachokaa kimya kinawaachia watu wa mbali waamue.

Kazi ya pili ni ya wazee. Mtumishi mwenye miaka 65 anapanda ngazi na ndoo kwa sababu akiondoka bila malipo ya mwisho wa kazi anaondoka mikono mitupu. Kuna mifuko ya serikali ya hifadhi ya jamii, CNSS kwa wafanyakazi wa kawaida na CNSSAP kwa watumishi wa umma. Lakini mzee asiyejua kusoma Kifaransa cha fomu hawezi kujua yuko upande gani wala kama faili lake limefika. Ofisi ya watumishi ya chuo inaweza kukaa naye saa moja, ikatafuta barua yake ya kwanza ya kazi, ikaitengenezea nakala kabla panya au moto havijaitafuta wao.

Kazi ya tatu ni ya adabu tu. Mazungumzo ya maprofesa na serikali yanajulikana hadi jina la mahali yalipofanyika, Bibwa, kule Kinshasa. Hakuna ubaya, maprofesa walidai haki yao. Lakini valve inayobandika habari za maprofesa ina nafasi ya karatasi nyingine moja. Mfagizi akifa, komunike iwe na jina lake kamili, kazi yake na miaka yake ya utumishi, badala ya kuandikwa kwamba chuo kimepoteza “mtumishi mmoja”. Wino ni ule ule.

Wapo watakaosema kwamba wakati watu wanakufa, kuzungumzia daftari la depo ni kuzungumzia vitu vidogo. Lakini vita ikiisha, majengo ya vyuo yatafunguliwa na watu wenye funguo. Oditwari zitahitaji kufagiliwa, mabomba kuunganishwa, milango iliyovunjwa kurudishwa kwenye bawaba. Fundi aliyekuwa akipigiwa simu kila mwezi atarudi, na atajua bomba liko wapi. Fundi aliyefutwa atasikia kwa watu kwamba chuo kimefungua, naye ataendelea kuuza mandazi huko alipo. Mabomba ya chuo yatamngoja yeye, na daftari ndilo litakalokuwa limeamua kama anarudi.